Nani alipiga nini? Ninavyoipekua rekodi ya zamani ya roki

Mimi na shemeji yangu tuliwahi kununiana wiki nzima kwa sababu ya tari. Yeye alishikilia kwamba kwenye “Love Me Do” ya The Beatles ngoma kapiga Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi. Mimi nikashikilia ni Andy White, mpiga ngoma wa kukodiwa. Kumbe kila mmoja alikuwa na rekodi yake. Tarehe 4 Septemba 1962 The Beatles waliurekodi wimbo huo Ringo akiwa kwenye ngoma, na ndiyo iliyotoka kwenye santuri ndogo ya kwanza Uingereza. Tarehe 11 wakaurudia, safari hii White akiwa kwenye ngoma na Ringo kapewa tari. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye albamu ya 1963. Ukisikia tari, mpiga ngoma ni White. Usipoisikia, ni Ringo. (Ipo na ya tatu, ya Juni mwaka huohuo, ngoma za Pete Best, aliyemtangulia Ringo. Ilikaa kabatini mpaka 1995.)

Basi kabla hujauliza nani kapiga, uliza unasikiliza toleo gani. Andika kama ni santuri ndogo au albamu, mwaka, mono (sauti zote pamoja) au stirio (zimegawanywa kushoto na kulia), na urefu wa wimbo kwa dakika na sekunde. Nukta hii inachosha, najua, lakini ingetuokolea ile wiki nzima.

Kisha chora jedwali. Usianze na majina ya wanabendi, maana ukishayaandika sikio litayatii. Anza na sauti zenyewe, mstari mmoja kwa kila sauti: ngoma, besi, gitaa la kushoto, gitaa la kulia, solo, piano, ogani, manyanga, makofi. Mbele ya kila mstari acha nafasi mbili, moja ya jina na nyingine ya “nimejuaje”. Hiyo ya pili ndiyo kazi yenyewe.

Sasa vaa hedifoni. Stirio ya miaka ya 1960 ilikuwa inagawa sauti kama mtu anayekata nyama kwa shoka, na sisi wapekuzi tunashukuru. Kwenye albamu mbili za kwanza za The Beatles, matoleo ya stirio, kwa kiasi kikubwa waimbaji wako upande mmoja na vyombo upande wa pili. Zima upande wa waimbaji, na bendi inabaki uchi. Sikiliza wimbo mzima mara moja kwa chombo kimoja tu. Nikisikiliza besi, huwa naimba besi kwa mdomo. Nikipotea, narudi mwanzo. Nyimbo tano kwa jioni ni nyingi mno. Mmoja unatosha. (“Love Me Do” yenyewe haikuwa na stirio ya kweli kwenye matoleo ya miaka hiyo, hivyo hapo usijisumbue.)

Ukishazitenga sauti, hesabu mikono. Mara nyingi bendi ilianza kwa kupiga msingi wa wimbo wote pamoja, kisha wakaongeza vitu juu yake baadaye. Kwenye msingi huo, mtu mmoja ana mikono miwili tu. Kama Paul McCartney, mpiga besi wa The Beatles, yuko kwenye piano, besi imeshikwa na nani? Kwenye “The Long and Winding Road”, msingi uliorekodiwa Januari 1969, jibu ni John Lennon, mpiga gitaa wa bendi, na besi yenyewe ya nyuzi sita. Hata usiponiamini, sikiliza: kuna noti zilizopotea njia ambazo McCartney asingeziacha zipite. Besi ikiyumba kwenye bendi yenye mpiga besi mahiri, weka alama ya kuuliza hapohapo.

Lakini kuhesabu mikono kuna mtego. “The Ballad of John and Yoko” inasikika kama bendi kamili. Tarehe 14 Aprili 1969 walikuwa studio wawili tu, Lennon na McCartney. McCartney kapiga ngoma, besi na piano, Lennon kapiga magitaa, kila kitu kikipandishwa juu ya kingine. Kwa hiyo swali linabaki palepale: hii sauti ilirekodiwa siku gani, pamoja na zipi?

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni tabia za mikono. Ringo ni mashoto anayepiga ngoma zilizopangwa kwa mtu wa mkono wa kulia, ndiyo maana mbwembwe zake za kuzunguka ngoma zina kijipengo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi kwa mguu usio wake. Charlie Watts wa The Rolling Stones, hasa kuanzia miaka ya 1970, alikuwa na mazoea ya kuinua fimbo kutoka kwenye matoazi ya mguu kila anapogonga sneya, ile ngoma ya mlio mkavu, hivyo viwili hivyo havipigi pamoja. Ukishalisikia pengo hilo hutalisahau. Kwa besi, sikiliza mwanzo wa noti: piki, kile kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi, hutoa mgongano mkavu, kidole hutoa sauti ya duara.

Hata hivyo, tabia ya mikono peke yake isikufanye uape. Mimi niliandika “Ringo” mbele ya “Back in the U.S.S.R.” na nikalala usingizi kwa miaka. Ringo alikuwa ameondoka kwenye bendi Agosti 1968 kwa hasira, akakaa nje takriban wiki mbili, na ngoma za wimbo huo kwa sehemu kubwa ni za McCartney. Nilisikia jina la bendi, sikusikia ngoma. Nililifuta kwa rangi nyekundu, na doa bado lipo.

Hapo ndipo karatasi zinapoingia. Jalada la albamu ni la kwanza kusomwa na la mwisho kuaminiwa. Albamu ya The Beatles ya 1968 haimtaji popote Eric Clapton, mpiga gitaa wa bendi ya Cream, ilhali solo ya “While My Guitar Gently Weeps” ni yake, aliyoipiga tarehe 6 Septemba mwaka huo. George Harrison wa The Beatles akalipa deni kwenye “Badge” ya Cream, na jalada likamwita L’Angelo Misterioso. Mikataba na kampuni za rekodi ndiyo iliyozaa majina ya namna hiyo. Ukikutana na jina la ajabu kwenye jalada, tafuta rafiki wa bendi aliyekuwa chini ya kampuni nyingine.

Rekodi za Marekani zina hazina moja kubwa: fomu za malipo za chama cha wanamuziki, zenye tarehe, saa, majina na malipo. Kiongozi wa kipindi cha kurekodi alilipwa mara mbili, na aliyepiga chombo cha pili aliongezewa. Kwa njia kama hizi inajulikana kwamba kwenye “Mr. Tambourine Man” ya The Byrds, ya Januari 1965, mwanabendi pekee aliyepiga chombo ni Roger McGuinn. Ngoma ni za Hal Blaine, besi ya Larry Knechtel, mamluki, yaani wapigaji wa kukodiwa, wa Los Angeles. Kumbuka tu kwamba fomu inasema nani alilipwa. Kama kilichopigwa siku hiyo kilibaki kwenye mchanganyo wa mwisho, hiyo ni habari nyingine.

Filamu nazo ni hivyohivyo. Mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard aliwapiga picha The Rolling Stones wakiunda “Sympathy for the Devil” London, Juni 1968, na unaona kwa macho Keith Richards kashika besi huku Bill Wyman, mpiga besi wa bendi, akitikisa manyanga. Brian Jones naye yuko pale na gitaa. Kwenye rekodi iliyotoka, gitaa hilo mimi silisikii.

Mahojiano nayaweka chini kabisa, hasa yaliyofanywa miaka thelathini baada ya tukio. Uvumi hupenda jina kubwa. Kwa miaka mingi watu wamesema solo ya “You Really Got Me” ya The Kinks, ya 1964, ni ya Jimmy Page, kwa kuwa alikuwa mpiga gitaa wa kukodiwa London wakati huo na baadaye akawa Jimmy Page wa Led Zeppelin. Solo ni ya Dave Davies wa bendi yenyewe, na Page mwenyewe amekana. Mamluki wa kweli kwenye wimbo huo ni Bobby Graham, kwenye ngoma, huku Mick Avory wa bendi akibaki na tari. Lakini nani atavumisha habari za Bobby Graham?

Kwenye jedwali langu natumia kalamu kwa kilichoandikwa siku ya kurekodi, na penseli kwa kilichokumbukwa au kusikika. Karatasi na sikio vikikubaliana, napigia mstari. Mstari wa makofi karibu kila mara unabaki kwa penseli: “wote, na yeyote aliyekuwa mlangoni.”