Somo: kunyoosha mnara (nguzo inayobeba kichwa chenye kisu) wa mashine ndogo ya kuchonga chuma

Naandika mara moja ili simu yangu ipumzike. Atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Chomoa plagi.

2. Futa grisi ya kiwandani kwa mafuta ya taa, upake oili papo hapo. Hewa ya chumvi hapa Lamu haisubiri.

3. Kaza kabari za meza, vile vipande vyembamba vinavyozuia meza isicheze kwenye njia zake, mpaka mpini wa kuisogeza ugome kuzunguka, kisha legeza kidogo tu.

4. Gia za plastiki zikikatika meno, weka puli na mkanda. Kelele hupungua, na kisu kikikwama mkanda huteleza.

5. Nyoosha mnara. Hapa ndipo watu huharibu. Toa jiliwa, kaza kufuli ya kichwa, funga dayo geji (saa ya kupimia tofauti ndogo kwa ncha inayobonyea) kwenye mkono unaozunguka na kisu, uzungushe kwa mkono juu ya meza. Anza kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Ncha ikibonyezwa zaidi mbele, mnara umeinamia mbele: tia kibati chini ya ukingo wa mbele wa kitako chake. Tofauti ikiwa milimita 0.20 kwenye duara la milimita 150, na bolti za kitako za mbele na za nyuma zimeachana milimita 75, kibati ni 0.10. Ubavu wa kopo la soda ni karibu unene huo. ONYO: lainisha kingo za kibati kwa tupa, maana ukingo uliosimama ni unene wa ziada. ONYO la pili: kaza bolti zote ndipo upime upya. Kukaza kwenyewe husogeza mnara.

Kijana wa Langoni: Shekhe, yangu yatetemeka sana. Ninunue mota kubwa?

— Hatua ya 3.

Kijana wa Langoni: Hiyo nimeshaipita.

— Umeipita kwa macho. Shika meza uitikise. Ikicheza, mota haina kosa.

Binti Matondoni: Maalim, ncha ya geji yaanguka kwenye mifereji ya meza. Nifanyeje?

— Umeuliza la maana, dadangu. Nenda gereji ya malori ukaombe beringi kubwa iliyokufa. Ringi yake ya nje imesagwa kiwandani, nyuso zake mbili ziko sambamba. Isafishe, ilaze mezani, pitisha geji juu yake. Kisha igeuze nusu duara upime tena. Namba zikihama, tafuta ringi nyingine.

Binti Matondoni: Ahsante. Na kutu? Mafuta ya nazi yafaa?

— Hayo pikia wali. Yakichacha yana asidi. Paka oili ya injini, mpya, na ufunike kwa kitambaa cha pamba. Nailoni hufungia unyevu ndani. Na ukichonga mbao kwenye mashine hiyo, zoa vumbi lake siku hiyohiyo, kwa sababu hunywa maji ya hewani na kuyalaza juu ya chuma.