Kurudia vipimo vya damu kwa majeruhi aliyetulia: lini upime, lini uache

Naandika baada ya kumwelekeza mwenzangu mgeni wodini. Alikuta agizo la "himoglobini kila saa 6" (kipimo cha wingi wa damu) kwenye faili la kijana aliyevunjika mkono tu.

Hatua ya 1: Hakikisha ametulia kweli. Gawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu (namba ya kwanza ya presha). Ukipata 0.9 au zaidi, mwongozo huu si wake. Chunga wazee: anayemeza dawa za kupunguza mapigo anaweza kuvuja damu huku mapigo yakibaki 80.

Hatua ya 2: Jiulize majibu yatabadilisha nini. Kama hakuna, omba agizo lifutwe.

Hatua ya 3: Chagua wa kurudiwa. Wengu au ini lililopasuka linalotibiwa bila upasuaji, nyonga iliyovunjika, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Laktati (kemikali ya damu inayopanda mwili ukikosa oksijeni) iliyoanza juu nairudia bila kusita, maana huwahi kuonyesha kama mwili unapata damu ya kutosha.

Hatua ya 4: Soma himoglobini iliyoshuka. Hapa ndipo watu hukimbizwa picha ya CT bure. Anayevuja damu hupoteza chembe na majimaji kwa pamoja, kwa hiyo kipimo cha kwanza kinaweza kusoma 13 huku tumbo linajaa. Baadaye maji ya mwilini huingia kwenye mishipa, nasi tunaongeza dripu, na himoglobini hushuka hata kama hakuna tone linalovuja tena. Kutoka 13 hadi 11.5 baada ya lita 2 za dripu, mgonjwa akiwa na mapigo yaleyale na tumbo laini, hakunipeleki mbio.

Kisha uliza damu ilitolewa wapi. Ikitolewa juu ya sindano ya dripu (upande wa bega), imezimuliwa: himoglobini na chembe za kugandisha zimeshuka pamoja, potasiamu iko chini, na kloridi imepanda kama dripu ni ya chumvi. Chukua mkono mwingine. Ikishindikana, simamisha dripu angalau dakika 2, uchome chini ya sindano. Usilinganishe mashine ndogo ya kitandani na ya maabara. Nasisitiza mashine moja mwanzo hadi mwisho.

Lakini mapigo yakipanda, presha ikishuka au tumbo likikaza, mwite daktari wa upasuaji sasa hivi. Usingoje maabara.

Hatua ya 5: Agizo liwe na mwisho. Mimi huomba liandikwe: "Rudia mara 2, ikibaki palepale acha."