Kapeti ndogo za ndani zidumu

Kabla hujawaza maji toa kapeti nje, itundike kwenye kamba uipige na fimbo upande wa nyuma, maana ule mchanga uliojificha chini ya manyoya ndo unakata nyuzi taratibu kila mtu akikanyaga, na ukimwagia maji unakuwa tope tu. Kitu kikimwagika usisugue jamani! Gandamiza na kitambaa cheupe kikavu, anzia pembeni ya doa uende katikati lisitanuke. Soma lebo, za pamba nyingi zinaingia mashine, za sufu maji moto yanazisinyaza. Yenye mpira chini ianike kivulini, jua kali linaupasua. Uzi ukichomoza usivute, kata na mkasi.