Lupango, sertifika, ipoteki: ginsi ya kusoma karatasi mbele ya kutosha feza

Jambo bandugu. Kazi yangu ni kutengeneza badosye ya batu benye kununua ao kuuzisha nyumba hapa Lubumbashi, natembea na makaratasi kati ya komini (ofisi ya eneo), kadastre (bapimaji ba malupango), noteri (mwenye anashuhudia kusinya) na banki, na kila juma nakutana na mutu mwenye alishasinya kintu yenye hajue maana yake. Haiko ju ni mujinga, hapana, ni ju karatasi iko mu kifaransa ya tribinali na komisionere (dalali) alimuambia tu "sinya hapa yaya, bote banasinyaka hapa". Basi leo tufwate lupango (kiwanja) moja tangu siku unaiona mpaka siku banki inakuachilia, na kila neno tutalieleza pale tunakutana nalo.

Kintu moja mbele. Hapa kwetu Lubum tunasema kuuza na kuuzisha, mwenye anauza ni yule anatosha feza, ni kusema ananunua. Ndugu ya Tanzania akisoma vile atachanganyikiwa kabisa, kwa hiyo mi nitaandika kununua na kuuzisha. Munisamehe bana Lubum.

Hatua ya 1: Ujue ni nini kabisa unanunua

Mu Congo udongo haiuzishwe. Sheria 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ile yenye ilitengenezwa tena mu 1980, inasema udongo ni mali ya Serikali, paka yake, na haiwezi kuitoka hata miaka ipite ngapi. Sasa yule mutu mwenye anakuonyesha lupango anakuuzisha nini? Anakuuzisha nyumba, ukuta, mabati, na ile haki yenye Serikali ilimupa ya kutumia udongo. Ile haki njo inaitwa konsesyo.

Konsesyo iko ya namna mbili. Kuko ya milele, kwenye karatasi utaona neno *perpétuelle*, na hiyo ni ya mutu mwenye iko raia wa Congo tu. Sosyete haipate, mugeni hapate. Kuko na ya kawaida, yenye iko na muda, kama emfiteozi ao siperfisi, mwisho yake miaka 25, kiisha inaweza kuongezwa. Kwa hiyo kama sosyete fulani inakuuzisha lupango na komisionere anaapa kama ni "ya milele", simama hapo kwanza, omba karatasi, soma jina yenye iko juu.

Hatua ya 2: Karatasi gani iko mu mukono yake?

Hapa njo batu mingi banaanguka, tukae kidogo.

Fishi parseleri inatoka ku komini. Inaonyesha kama komini inamujua mutu fulani ku lupango fulani. Haiko titre, ile karatasi yenye inakupa haki mbele ya sheria. Livre ya lojere ni kile kitabu kidogo cha zamani, bankambo yetu benye kukaa ku komini za Kenya, Katuba, Kamalondo balikuwa nacho, na familia mingi inakilinda mu sanduku sawa dhahabu. Ni kumbukumbu muzuri, inasaidia wakati wa kutengeneza dosye, lakini nayo haiko titre. Atestasyo ya shefu, ile yenye utapewa sana ku Annexe, komini ya pembeni, kule manyumba inapanuka kila siku, inasema kama shefu alikupa nafasi. Ni mwanzo wa njia, mwisho iko mbali.

Kontra ya lokasyo inaogopesha batu bure. Mama moja alikuya kwangu na machozi, anasema "Serikali imeniweka mupangaji ku lupango yangu mwenyewe!" Hapana mama. Serikali inapokupa lupango yenye haina kintu, inakupa kwanza kontra ya muda, mwisho miaka 3, ili ujenge. Kujenga ile kwa kweli, hapana kulundika matofali mbili na kuacha majani imee, njo inaitwa mizanvalere. Ukiisha kujenga, bantu ba Serikali banakuya kuona, banaandika karatasi yao ya kushuhudia, kiisha unaomba konsesyo ya milele. Usipojenga, Serikali inaweza kukunyanganya, na mutu mwenye anakuuzisha lupango yenye kontra yake ilishaisha na hakuna hata fondasyo anakuuzisha matatizo.

Kiisha kuko bwana-mukubwa wao, karatasi yenye kichwa CERTIFICAT D'ENREGISTREMENT, siye tunasema sertifika tu. Hiyo njo inafanya haki yako ikuwe haki mbele ya sheria. Inatengenezwa mbili sawasawa: moja inabakia mu kitabu kikubwa kwa konservateri wa titre (mukubwa wa ofisi ya Serikali yenye inaandika haki za malupango), ingine unapewa weye. Ku yako utaona namba ya volime na namba ya folyo, ni kusema kitabu gani na ukurasa gani. Zile namba mbili uzishike, tutazitumia sasa hivi.

Hatua ya 3: Peleka namba ku ofisi, hapana ku komisionere

Fotokopi ya sertifika haina kazi kama haujalinganisha na ile yenye kubakia mu kitabu. Unaandika barua kwa konservateri, unatia volime, folyo na namba ya kadastre, unaomba akuambie jina ya mwenyewe na charje zenye iko juu ya lupango. Charje ni mizigo. Inaweza kuwa ipoteki (banki inashika nyumba), inaweza kuwa oposisyo (mutu alipinga, mara mingi ni ndugu ya familia), inaweza kuwa sezi (tribinali ilifunga). Nyumba inaweza kuwa ya muzuri, na rangi mupya, na bougainvillea ku mulango, na juu yake iko ipoteki ya mutu mwenye alishakimbiaka.

Pa kadastre nako uende na mutu wa kupima. Tafuta borne, yale majiwe ya ku pembe. Nilishaona dosye yenye karatasi inasema 20 kwa 30 na lupango yenyewe, ukipima, iko 17 kwa 30 ju jirani alisukuma ukuta pole-pole miaka yote. Mita tatu ilienda hivi hivi.

Hatua ya 4: Kusinya

Akonto ni feza ya mbele. Andika mu karatasi kama ile feza itarudishwa kama sertifika ikionekana na shida, ju bila vile mwenye kuuzisha atakuambia alishaikula, na ni kweli alishaikula.

Akti ya vante ni karatasi ya mauzisho. Munaisinya mbele ya noteri, na mwenye kuuzisha anakuya yeye mwenyewe. Kama anatuma mutu, yule mutu awe na prokirasyo (karatasi ya kumupa mamlaka) yenye inasema waziwazi "kuuzisha", ju kuko ya kulinda nyumba tu ao ya kukusanya feza ya bapangaji, na hiyo haitoshe. Kama iko na bibi ao bwana, Kode ya familia inaomba mapatano ya bote wawili, hata kama jina ku sertifika ni ya mumoja. Usiamini "bibi yangu anajua". Bibi akuye asinye.

Nyumba ya marehemu ni dunia yake yenyewe. Pale utasikia likidateri, mwenye anachaguliwa kugawanya mali ya urizi. Tate mukubwa haiko likidateri kwa sababu tu iko na sauti kubwa. Uliza karatasi ya tribinali yenye inamutaja. Hakuna, unarudi nyumbani na feza yako.

Kiisha mitasyo. Batu banasinya kwa noteri, banakunywa soda, banafikiri imeisha. Haiyaisha! Mbele ya sheria haki inahama siku konservateri anafunga sertifika ya zamani na kukutengenezea mupya kwa jina yako. Mpaka pale, ku kitabu mwenye lupango iko yule wa zamani, na kama iko na roho mubaya anaweza kuuzisha mara ya pili.

Hatua ya 5: Banki, na ile hesabu yenye hawakufanyie

Neno garanti iko na sura mbili. Kwa bayere (mwenye nyumba ya kupanga), garanti ni feza ya mbele ya kupanga nyumba, na sheria ya 31 Desemba 2015 inasema kwa nyumba ya kulala isipite miezi 3 (ndiyo, miezi 3, muonyeshe bayere yako). Ku banki, garanti ni ile kintu yenye banki itakamata kama haulipe. Apore ni sehemu yako mwenyewe ya feza. Eshansi ni malipo ya kila mwezi. Entere ni riba.

Sasa tuseme, mufano tu, unakopa dolari 20.000, entere 12% ku mwaka, miezi 60. Kama entere inahesabiwa juu ya deni yenye inabakia, eshansi inakuwa karibu dolari 445 na mwisho umelipa karibu 26.700. Lakini kama inahesabiwa juu ya zile 20.000 mpaka siku ya mwisho, hata wakati deni ilishapunguka, entere ni 2.400 kila mwaka, mara 5 ni 12.000, eshansi inakuwa 533 na umelipa 32.000. Ile ile "12%"! Tofauti ni dolari 5.300. Kwa hiyo usiulize tu asilimia ngapi, uliza "juu ya deni gani?", na omba tablo, ile karatasi yenye inaonyesha mwezi kwa mwezi ngapi inaenda ku entere na ngapi inaenda ku deni.

Ku tablo ya ule mufano wa kwanza, mwezi wa kwanza 200 inaenda ku entere na 245 ku deni. Kiisha mwaka muzima umetosha karibu 5.340, deni imepunguka 3.100 tu. Batu banakasirika banasema banki imeiba, hapana, njo hesabu ilivyo, shida ni kama hakuna mutu alikuonyesha mbele. Na ukinyoosha miaka 10 ili eshansi ikuwe ndogo, itashuka ku 287 hivi, unafurahi, lakini yote pamoja utalipa karibu 34.400.

Mushahara ukiwa mu franka na deni mu dolari, weka nafasi ya kupumua, ju franka ikishuka eshansi yako haishuke nayo.

Hatua ya 6: Ipoteki

Ipoteki maana yake unabakia mu nyumba, unalala, unapangisha, lakini haki ya banki inaandikwa juu ya sertifika yako kwa konservateri. Kule kuandikwa ni enskripsyo. Lupango ya fishi parseleri haiwezi kubeba ipoteki, njo maana hatua ya 2 nilikaa sana. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 Congo inafwata pia sheria za OHADA (sheria za biashara zenye inchi mingi za Afrika zinafwata pamoja), na kule mwenye alikopa akishindwa, banki haikuye asubuhi na kufuli. Inapita kwa sezi imobilyeri: barua ya kuamuru ulipe, tribinali, kiisha nyumba kuuzishwa mbele ya batu. Kuko pia maneno pakti komiswari, ni mapatano kama ukishindwa nyumba inakuwa yao moja kwa moja. Kwa nyumba yenye mutu analala, OHADA haikubali hiyo. Ukiona hayo maneno mu kontra ya nyumba yako, usisinye, tafuta avoka.

Kosyo ipotekeri ni wakati tate anatia nyumba yake ju ya deni ya mutoto. Haiko "kusaidia dosye". Mutoto akikosa kulipa, nyumba yenye inauzishwa ni ya tate. Mwambie hivyo kwa Kiswahili, mbele ya ndugu bengine.

Na bakopeshaji ba kartie? Bale mara mingi habafanye ipoteki. Banakupa dolari 3.000, banashika sertifika yako, na banakusinyisha akti ya vante yenye tarehe haiyaandikwa. Ile haiko mukopo, umeshauzisha nyumba na haujue.

Hatua ya 7: Menleve, yenye hata mi niliisahau

Mu familia yetu tulimaliza deni ku banki moja, eshansi ya mwisho tulikula kuku. Banki ilirudisha sertifika, tukaitia mu kabati. Kiisha miaka mitatu tunataka kuuzisha, mwenye kununua anaenda kwa konservateri, anarudi anasema: "Yaya, kwenu kuko ipoteki." Na mi njo mwenye nafanya hii kazi! Kumaliza kulipa hakufute kintu ku kitabu. Banki inapashwa kukupa karatasi inaitwa menleve, yenye inasema kama inaachilia nyumba, na weye unaipeleka kwa konservateri ili afanye radiasyo, kufuta. Banki yetu ilikuwa imebadilisha bakubwa mara mbili, dosye hawakuiona, tulitafuta reçu za zamani moja-moja mu makartoni, na mwenye kununua alichoka, akaenda kununua ku Kampemba.

Kwa hiyo siku unalipa eshansi ya mwisho usitoke ku gisheti bila kuacha barua ya kuomba menleve, na uwe na kopi yake yenye tampo ya banki na tarehe ya kupokelewa. Ukiipata menleve, siku ile ile ku konservateri, na mbele ya kulipa teksi ya kurudi, fungua sertifika uangalie pale ipoteki iliandikwa, kama ilishafutwa na kama sinyatire iko.