Kabla hujamlipa mchoraji wa picha ya sura

Ukitaka kuchorewa sura ya mzazi wako, anza kwa kuishughulikia foto utakayompa mchoraji. Mimi nilimtumia mchoraji mmoja hapa Kampala foto ya marehemu mama kwa WhatsApp, kama tunavyotumiana picha zote. WhatsApp huibana picha, na mwanya wa mama ukafifia kabisa. Kwenye kanvasi akatoka na meno yaliyofungana. Dada yangu aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu si mama." Iliniuma sana.

Siku hizi foto naituma kama faili, au naipeleka ile ya karatasi mkononi. Kama mhusika yupo hai, mpige picha akiwa karibu na dirisha asubuhi, bila flashi. Flashi huufanya uso kuwa bapa, na ngozi yetu nyeusi hung'aa mpaka rangi zake za ndani, ule wekundu na ubuluu, zinapotea.

Omba kuona mchoro wa penseli kabla rangi haijapakwa. Pua iliyokosewa hapo inafutika kwa raba. Lipa kianzio kwa simu, salio ukishaiona kazi.

Uliza pia ni rangi gani. Akriliki, rangi ya kuchanganywa na maji, hukauka siku hiyohiyo. Ya mafuta huchukua siku kadhaa hata wiki kukauka juu tu, na ikipakwa nene husubiri miezi 6 hadi 12 kabla ya kupakwa vanishi ya kuikinga. Kwa hiyo kama ni zawadi ya kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao msichana) ya Desemba, ya mafuta usiiagize Novemba, wala usiifunge kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) kuipandisha basi la Mbarara.