Tonkatsu: kitimoto ya Kijapani na namna ya kuila

Tuanze na jina, maana ndilo utakaloliona kwenye menyu. "Ton" ni nguruwe. "Katsu" ni kifupi cha katsuretsu, neno ambalo Wajapani walilitoa kwa Wazungu ("cutlet", kipande cha nyama) wakaligeuza lao. Kwa hiyo hii ni kitimoto, basi, ila imevikwa ganda la chenga za mkate ndipo ikakaangwa. Kama Jumamosi unaonekana Sinza na sahani ya nguruwe na ndizi, haitakushinda. Kama huli nguruwe, subiri huko chini kwenye habari ya kuku.

Mwezi uliopita Mama mkubwa alishuka kutoka Marangu kuja kunisalimia hapa Dar. Huyu ni mama aliyefuga nguruwe maisha yake yote, humdanganyi kwa nyama. Nikatoka naye kazini kwangu Posta, mwendokasi mpaka Morocco, bajaji mpaka Msasani, kwenye kimgahawa chenye meza sita na menyu ya plastiki yenye picha. Sizungumzii zile hoteli za ghorofani ambako chupa ya maji ina bei ya mlo.

Nenda mchana. Pale ninapokwenda, mchana chakula huja kwa seti: nyama, kabichi, wali, supu ya miso (soya iliyochachushwa) na achari kidogo. Usiku kila kitu kinajitegemea, na bili nayo inapanda kimoja kimoja.

Utaulizwa: rosu au hire? Rosu ni nyama ya mgongoni yenye ukanda wa mafuta pembeni. Hire ni ile laini ya ndani, haina mafuta. Mama mkubwa hakungoja nimalize kueleza. "Isiyo na mafuta mpe mgonjwa, mwanangu." Nami niko upande wake. Ule ukanda ukikaangwa vizuri unayeyuka mdomoni, na ndio unaoipa nyama utamu.

Kisha ngoja. Nyama nene ya nguruwe haikaangwi kwa dakika tatu, na kusubiri ni dalili njema. Kuna mahali niliwahi kuletewa kabla sijamaliza kunawa. Ganda lilikuwa limelegea kama chapati ya jana. Ilikaangwa saa ngapi, sikuuliza, ila sikurudi.

Sahani ikifika utaona nyama imeshakatwa vipande virefu. Usiombe kisu. Zamani huko Japani chakula hiki kilihesabiwa cha Kizungu, kikaliwa kwa kisu na uma. Mgahawa wa Rengatei, mtaa wa Ginza jijini Tokyo, hutajwa kuwa ulianza kuuza nguruwe wa namna hii mwaka 1899. Kilipogeuka kuwa chakula cha watu wote, cha kuliwa na wali kwa vijiti, ikabidi kikatwe huko huko jikoni.

Kabichi imekatwa nyembamba kama uzi, mbichi, ya baridi, imerundikwa kando. Mama mkubwa aliisukuma pembeni akidhani ni pambo. Hapana. Anza na kabichi, kisha uirudie kila baada ya vipande viwili. Kazi yake ni ile ya kachumbari kwenye kitimoto yetu: inakata mafuta ili kipande cha tano kiwe kitamu kama cha kwanza. Migahawa mingi ya tonkatsu kule Japani hukuongezea kabichi na wali bure. Hapa uliza kwanza.

Kipande cha kwanza chukua cha katikati, ukile bila kitu. Kitazame kwanza. Chenga za mkate zinazokifunika, wanaziita panko, ni kubwa na zimesimama wima kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Ndiyo maana ukiuma unasikia mlio. Kwa mlio huo ndipo ulipolipa hela yako, kwa hiyo usiuharibu.

Na watu wengi huuharibu kwa sosi. Sosi yenyewe ni nzito, ya kahawia, tamu yenye uchachu, imetengenezwa kwa matunda, mboga, siki na viungo. Siyo soya. Sisi watu wa mchuzi mkono unatuwasha tumwagie yote juu. Ganda linalowa na unabaki na uji wa mkate. Mimina kando, chovya upande uliokatwa, kula.

Ukipewa kibakuli chenye mistari ndani na kijiti kinene, hicho ni kinu cha ufuta. Saga mpaka usikie harufu, kisha tia sosi humo humo. "Tumekuja kula au kutwanga?" Mama mkubwa aliuliza, lakini alisaga na wa kwangu pia.

Lile donge la njano pembeni ya sahani ni haradali. Mara yangu ya kwanza nililidhania achari ya embe, nikalibugia lote. Likapanda puani, machozi yakanitoka mbele ya mhudumu, naye kwa adabu akaangalia ukuta. Gusisha kidogo tu, kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Vijiti vikikushinda omba uma, hakuna aibu. Ila ukivitumia, usivisimike wima kwenye wali, wala usimpe mwenzako kipande kijiti kwa kijiti. Yote mawili kwao ni mambo ya msibani. Mama mkubwa alipotaka nionje chake nilimsogezea sahani, akaweka. Wali wenyewe unashikana, usiufananishe na wa Kyela, na usiumwagie soya. Supu nyanyua bakuli unywe. Vilivyobaki chini viokote kwa vijiti.

Sasa kuku. Mahali pengi penye tonkatsu pana katsu ya kuku, ganda ni lile lile. Lakini kama nguruwe ni haramu kwako, usiishie kwenye jina. Uliza kama kuku anakaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga nguruwe, na kama mafuta yenyewe si ya nguruwe, maana wapo wapishi wanaoyapenda hayo. Wakibabaika kujibu, agiza kingine.

Mama mkubwa alibakiza vipande viwili akavifunga kwenye tishu, akavitia mkobani. Usifanye hivyo, tishu inavuta unyevu na kunata, omba boksi. Ukifika nyumbani weka kwenye friji, asubuhi upashe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka ganda likauke. Sisi tulibandua tishu kwanza, tukapasha, tukaweka kati ya slesi mbili za mkate na kabichi na sosi. Wajapani nao hula hivyo. Mama mkubwa alimaliza chake, akaniuliza kama changu nakimaliza.