Kuweka migawanyo mitatu kwenye grafu moja kwa R, mfano wa maparachichi ya Tengeru, Kiboriloni na Mbuyuni

Wanafunzi wengi wa vyuo vya huku Moshi na Arusha wakifika sura ya nne ya ripoti wanabandika histogramu moja ukurasa huu, ya pili ukurasa wa pili, ya tatu kule mbele, alafu chini wanaandika "kama inavyoonekana makundi yanatofautiana". Haionekani jamani. Msomaji anafunua kurasa huku na huku na kila grafu ina mhimili wake, hii inaanzia 100 ile inaanzia 150, sasa atalinganisha nini? Ukitaka watu waone tofauti weka migawanyo yote (yaani jinsi namba za kila kundi zilivyotawanyika) juu ya mhimili mmoja.

Natumia R, programu ya takwimu na grafu, kwa sababu ni ya bure (walioianzisha ni Ross Ihaka na Robert Gentleman, chuo kikuu cha Auckland kule Nyuzilandi) na ukishaidaunlodi mara moja kwa waifai ya chuo inapiga kazi bila bando.

Tuseme umepima uzito wa maparachichi kwenye masoko matatu. Namba hizi ni za kutengeneza tu ili upate kitu cha kufanyia mazoezi, usije ukaziandika kwenye ripoti:

set.seed(5)
d <- data.frame(
  soko = rep(c("Tengeru","Kiboriloni","Mbuyuni"), c(200,60,120)),
  uzito = c(rnorm(200,210,30), rnorm(60,240,15), rnorm(120,180,20)))

Angalia data ilivyokaa, kolamu moja ya uzito na kolamu moja ya soko, kila parachichi na mstari wake. Wengi wanakuja na Excel yenye kolamu tatu, kila soko na kolamu yake, alafu wanahangaika wee. Ipange hivi tangu mwanzo na mambo mengine yote yatakuwa mepesi.

Sasa tuchore mistari ya densiti, yaani mistari inayopanda pale namba zilikorundikana:

m <- split(d$uzito, d$soko)
plot(density(m$Tengeru), xlim=c(80,330), ylim=c(0,0.035), main="", xlab="Uzito kwa gramu", ylab="Densiti")
lines(density(m$Kiboriloni), lty=2)
lines(density(m$Mbuyuni), lty=3)
legend("topleft", c("Tengeru","Kiboriloni","Mbuyuni"), lty=1:3)

Siri iko hapo kwenye plot na lines. Plot inafungua karatasi mpya kila ukiiita, kwa hiyo ukiiita mara tatu unapata picha tatu na ya mwisho ndo unayoiona, ila lines inachora juu ya karatasi iliyopo. Ya kwanza plot, zinazofuata zote lines, basi.

Kuhusu ile ylim (mwanzo na mwisho wa mhimili wa y, kama xlim ilivyo kwa x), tafadhali usiiruke. R inapanga urefu wa mhimili kwa kuangalia mstari wa kwanza peke yake, haijui kwamba kuna wengine wanakuja. Mgawanyo wa kawaida (ule wenye umbo la kengele) kilele chake ni kama 0.4 gawanya kwa SD (mchepuko sanifu, kipimo cha namba zilivyotawanyika), kwa hiyo Tengeru yenye SD ya 30 inaishia kwenye 0.013 hivi na Kiboriloni yenye SD ya 15 inapanda mpaka karibu 0.027, yaani mara mbili, na usipoweka ylim Kiboriloni na Mbuyuni zinakatwa vichwa na mtu anayeangalia anaona mistari miwili inapotelea juu ya boksi. Piga hiyo hesabu ndogo kabla ya kuchora, chukua SD iliyo ndogo kuliko zote, gawanya, ongeza nafasi kidogo juu. Vilevile kwa xlim, kundi lenye uzito mdogo kabisa na lile lenye mkubwa kabisa yote yaingie.

Ukitaka histogramu badala ya mistari inabidi uwe makini zaidi, maana hapa ndo watu wanadanganya bila kujua. Tengeru ina maparachichi 200, Kiboriloni 60, ukichora kwa idadi Tengeru itaimeza Kiboriloni na msomaji atadhani ni tofauti ya uzito kumbe ni tofauti ya uliyopima mangapi. Tumia densiti, ili kila kundi eneo lake lote liwe 1. Na kwa ggplot2 (pakeji ya ziada ya R ya kuchorea grafu, iweke mara moja kwa install.packages("ggplot2") ukiwa na intaneti) kuna mtego mwingine, histogramu zake zinapandana zenyewe, ya pili inakaa juu ya vichwa vya ya kwanza badala ya kuanzia chini kwenye sifuri, kwa hiyo lazima uiambie ikae palepale:

library(ggplot2)
ggplot(d, aes(uzito, fill=soko)) +
  geom_histogram(aes(y=after_stat(density)), position="identity", alpha=0.4, binwidth=10)

Hiyo alpha ndo inafanya rangi ziwe kama kioo uone na za nyuma, na binwidth ya 10 inahakikisha mafungu ya gramu 10 ni yaleyale kwa masoko yote. Mimi kwa makundi mawili nakubali histogramu, yakifika matatu naona vurugu, bora mistari.

Kama unataka kuonyesha na mgawanyo wa kawaida wa kinadharia pembeni ya data yako, rudi kwenye ile picha ya plot na lines na uongeze:

curve(dnorm(x, mean(m$Tengeru), sd(m$Tengeru)), add=TRUE, col="grey50")

Bila add=TRUE inafuta kila kitu na kuanza upya.

Makundi yakizidi manne acha kulazimisha, yapange moja chini ya jingine kwa kuongeza + facet_wrap(~soko, ncol=1) kwenye ile ya ggplot2, mhimili wa x unabaki uleule kwa yote na jicho linashuka moja kwa moja kulinganisha.

La kuprinti sasa. Stesheneri nyingi kuprinti rangi bei iko juu kwa hiyo ripoti nyingi zinatoka nyeusi na nyeupe, na rangi zako tatu nzuri zote zinakuwa kijivu. Ndo maana juu nimetumia lty, mstari mzima, wa vipande na wa nukta, hizo hazipotei hata ikifotokopiwa. Kwa ggplot2 weka geom_density na linetype=soko badala ya fill, alafu hifadhi kwa ggsave("grafu.png", width=16, height=10, units="cm", dpi=300), usipige skrinishoti, maandishi ya mhimili yatatoka na ukungu.